Usipime Klasi Mpya kwa Pigo Lake

Nimelisema Lindi, nimelisema Masasi, na leo nalisema hapa Mtwara mjini, kwa sababu bado naletewa klasi mpya, yaani aina mpya ya mhusika wa mchezo, na swali lilelile: "Mwalimu, inaumiza kiasi gani kwa raundi?" Sitaeleza Dungeons & Dragons ni nini; aliyekuja hapa ana dadu mfukoni, anajua ni mchezo wa kusimulia hadithi mezani, kila mtu na mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua. Niingie moja kwa moja kwa Lipiko.

Vijana wa Mikindani walibuni klasi ya mcheza ngoma wa kinyago cha Kimakonde, wakaiita Lipiko. Wazo zuri, nalipenda mpaka leo. Ana vinyago vitatu. Cha chui kinaongeza dadu moja ya pande 6 kwa kila pigo. Cha msichana kinamruhusu, kila anaposema na mtu, arushe dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Cha mzee kinafanya vivyo hivyo katika kukagua na kukumbuka habari. Anabadilisha atakavyo, bure.

Mabishano yakawaka, yote juu ya chui. Haya, tupige hesabu. Levo ya 5, yaani ngazi ya tano ya uwezo, mpiganaji wa kawaida anaongeza 4 kwa kila pigo, ana upanga mkubwa wa dadu mbili za pande 6, anapiga mara mbili. Wastani wa maumivu ni pointi 11 kwa pigo, jumla 22. Adui mwenye kinga 15, yaani ugumu wa kupigwa, anampata kwa asilimia 65, basi zinabaki 14.3. Lipiko ana panga la dadu ya pande 8, +4, na dadu ya chui: 12 kwa pigo, 24 kwa mawili, na kwa asilimia ileile zinabaki 15.6. Tofauti ni pointi 1.3. Watu walitaka kutoana macho kwa pointi 1.3!

Kuhusu msichana, hakuna aliyeuliza. Mimi nilikaa pembeni ya meza ile nikatazama watu, si dadu. Mshairi, ambaye kazi yake ni maneno, alifika kwa mlinzi wa lango akafungua mdomo. Lipiko akavaa msichana, akamaliza yeye. Mwizi akainama kukagua mlango wenye mtego. Lipiko akavaa mzee, akauona kabla yake. Vita vikaja, akavaa chui. Kufika magharibi aliyecheza mshairi alikuwa anachezea simu. Simu ile ndiyo kipimo, ndugu zangu. Hakuna hesabu ya wastani itakayokuonyesha.

Najua kuna anayetaka kunikatiza: "Lakini tunacheza upande mmoja, hatushindani, uwiano wa nini?" Ndiyo hasa! Kwa kuwa hatushindani, mtu hana anachopata pale mezani isipokuwa zamu yake. Ukimnyang'anya hiyo, alikuja kufanya nini?

Tena pimeni siku nzima. Aliyewahi kupeleka korosho ghalani anajua kwamba mpimaji haridhiki na zile za mdomoni mwa gunia. Mchawi wa levo ya 5 akirusha tufe la moto, dadu 8 za pande 6, wastani ni 28 kwa kila aliyeunguzwa sawasawa. Mkipima pambano moja mtataka afutwe. Lakini anarusha mara mbili au tatu kwa siku, basi, na mwongozo wa msimulizi, yaani anayeendesha mchezo, uliotoka 2014 ulikadiria mapambano 6 hadi 8 kwa siku. Vinyago vya Lipiko havichoki. Mpiganaji naye hachoki, mtasema. Kweli, ila mpiganaji ana kazi moja. Huyu anazo tatu.

Dawa haikuwa kumpunguzia chui dadu yake, na hapa nawasihi mnisikilize. Gharama ilikuwamo ndani ya ngoma yenyewe. Wamakonde mliomo humu mnajua: aliye ndani ya kinyago hatajwi. Kwa ambaye hajapita jandoni, lile ni lipiko, si fulani mwana wa fulani. Basi tukaandika: ukionekana ukikivaa, kinyago hicho hakifanyi kazi mpaka mpumzike saa moja. Papo hapo Lipiko akamhitaji mwizi wa kumtafutia maficho, na mshairi wa kuwashughulisha watu wakati anavaa. Chui tulimwacha na dadu yake, na hakuna aliyelalamika tena.

Naonyeshwa saa. Haraka basi. Pimeni levo ya 5, ya 11 na ya 17, maana hapo ndipo nguvu zinaporuka. Mbunifu asiishike klasi yake siku ya majaribio. Ataibeba bila kujua. Na msione haya kuandika upya: Wizards of the Coast, wenye mchezo wenyewe, klasi yao ya mwindaji ya 2014 ililalamikiwa sana, na 2016 wakatoa toleo la majaribio la kuirekebisha. Kuhusu klasi iliyo dhaifu kupita kiasi nilikuwa na mengi, sitayafikia leo. Maswali. Tuanze na wewe wa nyuma, mwenye kanzu.