Kupima mvutano wa dunia kwa mshipi na chubwi

Asalaam alaykum wenzangu. Mie nauza mishipi na ndoana hapa Nungwi, lakini chubwi hili, kizito cha mshipi, leo haliingii majini. Leo tunapima nguvu ya mvutano, ile ile iliyoushika mwezi usitutoroke.

Funga chubwi, tundika kwenye boriti. Fundo mnalijua, sipotezi muda.

Urefu uwe mita 1, kutoka pale mshipi unapoanza kucheza juu mpaka katikati ya chubwi. Si mpaka kwenye fundo, katikati! Mshipi mie napenda huu mnene kidogo. Mwembamba unanyooka, kesho urefu si ule.

Sasa vuta pembeni upana wa kiganja tu, achia. Usisukume... Aa, mnaona? Linazunguka kama ngamia wa kinu. Kusi hiyo inapita dirishani. Ngoja nifunge. Na wewe paka, toka!

Haya, tena. Hapa sikilizeni. Ukiwasha saa ya simu, sema "sifuri". Likenda na kurudi ulikoanzia, ndiyo moja. Mie mara ya kwanza nilianzia moja, nikadhani nimehesabu 20 kumbe ni 19. Hesabu ikaniletea 10.8, nikatangaza barazani kuwa Nungwi inavuta kuliko pahala popote duniani. Mpaka leo wananiita Mzito. Sifuri, jamani. Sifuri!

... 18, 19, 20. Sekunde 40.2. Gawa kwa 20: 2.01. Izidishe yenyewe kwa yenyewe: 4.04. Sasa chukua 39.48, yaani 4 mara pai mara pai mara ule urefu wa mita 1, gawa kwa hiyo 4.04: unapata 9.77. Kwetu huku karibu na ikweta ni kama 9.78, kwa hiyo hatukuaibika. Maana yake kitu kikianguka, kila sekunde kasi yake inaongezeka kwa mita 9.78 kwa sekunde.

London ni 9.81. Dunia imetuna kiunoni, sisi tuko mbali zaidi na kitovu chake, na mzunguko wake nao unatupunguzia kidogo. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, saa yake ya bembea ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Saa ilikuwa nzima. Mvutano ndio uliopungua.

Badilisha chubwi, tia kubwa. Pima tena urefu mpaka katikati, nimeshasema. Sekunde 40.3. Hiyo 0.1 ni kidole changu. Zito au jepesi, bembea ni moja. Ungelipeleka mwezini, bembea moja ingechukua karibu sekunde 5, maana kule mvutano ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu.

Lakini mwezi huo huo dhaifu unatuvutia bahari. Maji ya upande wake unayavuta zaidi kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na ya upande wa pili unayavuta kwa uchache kuliko dunia, yakabaki nyuma. Ndiyo maana maji yanajaa mara mbili kwa siku. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu jua nalo linavuta mstari mmoja na mwezi, ndipo tunapata bamvu, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida.

Na jana mwezi ulikuwa mpevu. Maji yameshapwa mpaka mwambani, wenzangu wanarudi na pweza, mie bado nahesabu bembea. Machubwi yapo, ya kila uzito. Nakwenda.