Tatoo ya Titi Baada ya Kansa: Najibu Mara Moja, Msiniulize Tena

Haya jamani, hamjambo. Mnisamehe sura, nimetoka shifti ya usiku na wanja sijapaka, ila nimeona nirekodi kabla sijalala maana lile swali limezidi. "Dada, eti ulichora tatoo kwenye titi? Bei gani?" Tangu nilitaje juu juu kwenye ile video ya kuhama nyumba, halikatiki. Na kuna ambao hamuulizi, mnahukumu tu: huyu Marekani imemlevya.

Naanza na nyie. Tatoo zangu za kwanza nilichorwa hospitalini, na watu wa mionzi. Vidoti vitatu, kila kimoja kama ncha ya kalamu, ili mashine ilenge palepale kila siku. Na bibi yangu wa Newala, Mmakonde, alizikwa na chale zake usoni, zilizosuguliwa masizi tangu yuko msichana. Ndege aliiona angani tu. Kwa hiyo hizi habari za "umeiga Wazungu" mniache.

Kansa yenyewe nilishaisimulia, sirudii. Titi la kushoto lilitolewa, likajengwa upya, likawa kama andazi: limeumuka vizuri, chuchu hakuna. Tatoo ndiyo inachora chuchu na lile duara lake. Ngozi ni tambarare kabisa, ila kwa kivuli upande huu na mwanga kidogo upande ule unaapa imetokeza. Wengine wanachorwa nyusi zilizokataa kurudi, wengine wanafifisha kovu la moto au la mdomo uliozaliwa umepasuka. Mwenye vitiligo, yale mabaka meupe ya ngozi, aende kwanza kwa daktari wa ngozi, kwa sababu sindano yenyewe inaweza kuamsha mabaka mapya.

Sasa, fundi. Hapa nilitaka kuumia. Wa kwanza alikuwa mchora nyusi, bei poa. Akanionesha picha kwenye simu, nzuri kweli, lakini zote za siku ileile, ngozi bado nyekundu, na zote za wanawake weupe. Nikamwambia nioneshe iliyopona, ya mtu mweusi kama mimi. Akacheka, akasema rangi ni rangi. Dada yenu nikachukua mkoba wangu. Rangi si rangi! Kwenye ngozi yetu, wino ukikaa mwaka unaweza kugeuka kijivu, na sisi makovu yetu mengine huvimba yakawa keloidi. Halafu FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, haijaidhinisha rangi yoyote ya kudungwa ndani ya ngozi kwa ajili ya urembo. Kwa hiyo akikwambia wino wake "umeidhinishwa na serikali", mshukuru, toka.

Huyu niliyempata mwishoni, daktari wangu wa upasuaji ndiye alinielekeza. Kabla hajagusa kitu aliniuliza kama nina keloidi, mionzi iliisha lini, natumia dawa gani. Akataka barua ya daktari. Sindano aliifungua kwenye pakiti mbele ya macho yangu. Na rangi hakuilinganisha na shavu: alinisogeza dirishani, akaweka matone manne pembeni ya titi langu la kulia, akayatazama kimya. La tatu ndilo. Kahawia yenye uzambarau kwa mbali. Jamani nililia, na si kwa maumivu, maana pale sina hata hisia.

Leseni? Kila jimbo lina sheria zake, kwingine kali, kwingine jina tu. Mimi nasema yaliyonikuta mimi, mwili wako una daktari wako.

Bei: dola 700. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kuna sheria hapa ya mwaka 1998: bima ikilipia kutoa titi, ilipie na kulijenga hatua zote. Mwaka 2016 serikali ikafafanua kwamba kurudisha rangi ya chuchu imo. Bima yangu wakajibu ni "urembo". Nikatuma barua ya daktari. Wakasema risiti haina namba ya huduma. Fundi akaandika 11921, hiyo ni namba ya tatoo ya eneo linalozidi sentimita 6 za mraba hadi 20. Wakasema fundi si mtoa huduma wa afya. Simu moja dakika arobaini, muziki uleule, nimesimama stoo kazini najificha msimamizi. Wanaotaka kwenda kwa msanii wa tatoo, ulizeni bima kwanza, kwa maandishi. Mimi nililipa kwanza.

Hapo ndugu mmoja, mwenyewe anajijua na anaangalia, kaandika kwenye grupu la familia: "Dola za kuchora chuchu anazo, ada ya mtoto hana." Mashangazi wakaweka vikaragosi vya kucheka. Sawa. Silalamiki, na wala siringi, maana hizo 700 ni wiki nzima ya kuwageuza wazee wa watu kitandani.

Rufaa ya pili hii hapa, kurasa kumi na moja, naituma kwao kwa posta kesho. Wakijibu nitawaambia. Na ada nilituma Ijumaa, risiti ninayo, ndugu yangu, iweke kwenye grupu.