Daraja Lililoiteka Dacia

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni, nafasi ipo huku mbele.

Nianze na sentensi moja. Kaisari Trajan wa Roma aliandika kitabu kizima juu ya vita alivyopigana na Wadacia. Kitabu hicho kimepotea. Yamebaki maneno matano tu ya Kilatini, nayo yamesalimika kwa sababu mwalimu mmoja wa sarufi, karne nyingi baadaye, aliyachukua kuwa mfano wa kufundishia. Maneno yenyewe yanasema: kutoka hapo tukasonga mpaka Berzobis, kisha Aizi. Basi. Humo hamna upanga, hamna damu, wala jina la adui. Jeshi linatembea, limetoka mahali linakwenda mahali.

Kila nikiyarudia maneno hayo naona kwamba bahati imetubakizia kiini cha habari yenyewe. Vita vya Dacia vilikuwa vita vya kufika. Kupigana na Mdacia uwandani Roma iliweza. Kumfuata kwake mlimani ndiko kulikoitoa jasho, vizazi na vizazi. Na siku ilipoipata njia, mambo yakaisha ndani ya miaka 5.

Sasa tuitazame nchi. Dacia ndiyo sehemu kubwa ya Romania ya leo. Milima ya Karpati imejipinda pale kama mkono uliokumbatia kitu, na kinachokumbatiwa ni uwanda wa juu wa Transylvania. Kusini unapita mto Danubi, mpana na wenye nguvu. Ndani ya kumbatio hilo kuna dhahabu, chuma na chumvi. Wenyeji walikuwa wakulima, wafugaji na wahunzi, ndugu wa Wageti waliokaa karibu zaidi na mto. Katika karne ya 1 KK mfalme Burebista aliwaunganisha chini ya fimbo moja, lakini aliuawa karibu wakati uleule alipouawa Julius Caesar, mwaka 44 KK, na ufalme ukagawanyika vipande.

Moyo wa Dacia ulikuwa kwenye milima ya Orăștie, kusini-magharibi mwa Transylvania. Huko, juu ya mita 1,000, palikuwa na Sarmizegetusa, makao ya mfalme. Msifikirie mji wa tambarare wenye barabara zilizonyooka. Mlima ni mkali, ukisimama wima unatafuta pa kukanyaga. Basi Wadacia waliukata mlima ngazi kwa ngazi, wakapata viwanja virefu vyembamba, na juu ya kila kiwanja wakasimamisha nyumba za miti na udongo, maghala na karakana za wahunzi. Zana za chuma zilizofukuliwa huko ni nyingi ajabu. Maji waliyashusha kutoka kwenye chemchemi kwa mabomba ya udongo wa kuchoma. Upande mmoja walitenga mahali pa ibada, na pale wakaweka duara kubwa la jiwe lililokatwa vipande kama miale. Watafiti wamelipa jina la jua la andesiti, yaani jiwe la volkano.

Na ngome hazikuwa moja. Njia za bonde zililindwa na Costești, Blidaru, Piatra Roșie, Bănița na Căpâlna. Aliyetaka kupanda kwa mfalme alikuwa na milango ya kubisha kabla hajamwona. Mwaka 1999 UNESCO iliziingiza ngome hizo 6, Sarmizegetusa ikiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye ukuta wao, maana mimi ukuta huu naupenda. Unajengwa kuta mbili za mawe ya chokaa yaliyochongwa vizuri, moja ya nje, moja ya ndani. Katikati wanashindilia udongo na kifusi, unene wote unafika kama mita 3. Shida ya ukuta wa namna hiyo inajulikana na kila fundi: kifusi kikilowa kinavimba, kinasukuma mawe nje. Wadacia walifanya nini? Juu ya mgongo wa jiwe walichonga mfereji, mpana kwa ndani ya jiwe, mwembamba mdomoni. Kisha wakachukua boriti, wakachonga kichwa chake kiwe kipana kuliko shingo, wakakilaza ndani ya mfereji ule. Boriti inavuka ukuta, kichwa cha pili kinalala kwenye jiwe la upande mwingine. Hapo kuta mbili zimeshikana mikono. Jiwe likitaka kutoka linavutwa na mti. Na mawe yenyewe hayakutoka mlimani pale, yalichimbwa Măgura Călanului, makumi ya kilomita bondeni, yakapandishwa. Nikiulizwa Wadacia walikuwa watu gani, naonyesha mfereji ule uliochongwa jiweni.

Ujuzi mwingine waliupata kwa wageni, na hapa ndipo Decebalus anapoingia. Aliupata ufalme mwaka 87 BK au karibu na hapo, wakati Wadacia walikuwa wamekwisha kuvuka Danubi na kumuua gavana wa Moesia, jimbo la Kirumi kusini mwa mto. Kaisari Domitian alimtuma Cornelius Fuscus, mkuu wa walinzi wake, avuke akalipize. Fuscus aliingia milimani, na hakutoka. Jeshi lake likavunjwa. Mwaka 88 Warumi walishinda huko Tapae, penye mlango wa milima, lakini mwaka uliofuata Domitian alikuwa na vita kwingine, akaona heri amani. Masharti yake yaliwachoma Warumi moyoni kwa muda mrefu: Decebalus alipewa fedha, akapewa pia mafundi wa kila kazi, ya amani na ya vita.

Fedha ingeliwa ikaisha. Mafundi walimjengea ngome na mitambo ya kurushia mawe.

Trajan alilielewa jambo hilo. Kabla ya kurusha mshale mmoja alijenga barabara. Danubi inapopenya kati ya majabali, pale panapoitwa Milango ya Chuma, hapakuwa na ukingo wa kukanyaga, jabali linazama wima majini. Askari wake walilichimba jabali lenyewe, na pale lilipokataa wakatoboa matundu, wakachomeka boriti, wakatandika mbao juu ya maji. Bamba la maandishi ya kazi hiyo, la mwaka 100 BK, lingali upande wa Serbia.

Mwaka 101 akavuka. Tapae tena, na damu ikamwagika nyingi, hata inasimuliwa kwamba vitambaa vya kufungia majeraha vilipokwisha Kaisari alitoa nguo zake zichanwe. Majira ya baridi Decebalus na washirika wake wakavuka Danubi kwa upande mwingine, wakaingia Moesia, wakapiga nyuma ya jeshi. Silaha iliyowatisha Warumi ilikuwa panga refu lililopinda kama mundu, makali ndani ya mpindo, la kushikwa kwa mikono miwili. Lilipasua kofia za chuma. Warumi wakaongeza vyuma viwili vilivyopishana juu ya kofia, na mkono wa upanga wakauvika chuma. Mambo hayo yamechongwa kwenye mnara wa ushindi wa Adamclisi, karibu na Bahari Nyeusi.

Na katika safu za Roma walikuwemo Waafrika. Lusius Quietus alikuwa Mmuri wa Mauretania, kaskazini-magharibi mwa bara letu, na wapanda farasi wake wanaonekana kwenye Nguzo ya Trajan huko Roma, mnara uliochongwa picha za vita hivi: nywele zimesukwa misokoto, farasi hawana lijamu wala tandiko, nao wanawafukuza Wadacia kuelekea msituni. Quietus alifika mbali, akawa konsuli, cheo cha juu cha Roma, akatawala Yudea.

Mwaka 102 Decebalus aliomba amani. Sikilizeni alichodaiwa: atoe silaha, atoe mitambo, awatoe mafundi wa mitambo, abomoe ngome. Trajan alikuwa anavidai vilevile alivyovitoa Domitian.

Kisha akamwita Apollodorus wa Damascus. Kati ya mwaka 103 na 105, penye mji wa Drobeta, fundi huyo alisimamisha daraja juu ya Danubi: nguzo 20 za mawe ndani ya mto, matao ya mbao juu yake, urefu unapita mita 1,100. Fikirini Decebalus anapoletewa habari hizo. Silaha zake kubwa zilikuwa mbili, mto na mlima. Mto umekwisha kuondolewa.

Alijaribu kila njia. Alimwita Longinus, kamanda wa Kirumi, kwa mazungumzo, akamkamata, akadai nchi yake yote hadi Danubi irudishwe ndipo amwachie. Longinus alipata sumu kwa siri akainywa, asiwe fungu la kubadilishia. Vita vikawaka tena. Hadi mwaka 106 majeshi yalikuwa yamepanda kwa njia zaidi ya moja, na Sarmizegetusa ikaanguka. Mfalme alikimbia milimani, wapanda farasi wakamkaribia, akajichinja mwenyewe. Askari aliyemfikia, Tiberius Claudius Maximus, tunamjua kwa jiwe la kaburi lake lililopatikana kaskazini mwa Ugiriki mwaka 1965. Kichwa cha mfalme kilipelekwa Roma.

Hazina yake alikuwa ameificha kwa ufundi uleule: mto Sargetia uligeuzwa, shimo likachimbwa kwenye kitako chake, dhahabu ikazikwa, maji yakarudishwa, na mateka waliofanya kazi wakauawa. Bicilis, mtu wake wa karibu, alipokamatwa akasema. Dhahabu ya Dacia ikagharimia majengo makubwa ya Roma na michezo ya siku 123.

Karibu na mwisho wa karne ya 20 wezi walirudi kwenye mteremko wa Sarmizegetusa na vyombo vya kutafutia madini. Wakafukua bangili nzito za dhahabu zilizosokotwa kama nyoka, wakaziuza nje. Zilirudishwa 13, zikawekwa makumbusho ya Bucharest. Linaniuma, kwa sababu bangili iliyong'olewa ardhini hivyo haiwezi tena kutuambia ililala na nini, wala kwa nini iliwekwa pale.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni, daraja je? Hadrian, aliyemrithi Trajan, aliogopa kwamba njia iliyowapeleka Warumi ng'ambo ingewaleta adui huku. Akaamuru mbao za juu ziondolewe. Nguzo zikabaki majini, na mabaki ya zile za kingoni yanaonekana mpaka leo, moja upande wa Romania, nyingine upande wa Serbia.