Namba Tano kwa Mtoto wa Namba Nne

MISHI: Haya, tumerudi. Kaka Mhina, leo nimekuja na karatasi. Dalili sita za mtoto mwenye kipaji cha mpira. Sita tu. Tunazipitia, tunafunga, watu wakaendelee na shughuli zao.

MHINA: Da Mishi, kabla ya sita zako, waambie wasikilizaji Jumamosi uliniamsha saa moja asubuhi kuomba nini.

MISHI: Pampu.

MHINA: Pampu ya baiskeli. Mambo ya vipaji hayo.

MISHI: Haya, dakika mbili, halafu karatasi. Jumamosi kulikuwa na majaribio ya watoto chini ya miaka 12, mimi kazi yangu kuandikisha majina. Wamekuja zaidi ya mia moja. Waandaaji wameleta mipira minne, yote namba tano, saizi ya watu wazima, na miwili haina upepo. Skauti, mtafuta vipaji, kafika Ijumaa usiku kutoka Dar, tiketi ya kurudi iko mfukoni, basi la saa nane mchana.

MHINA: Tanga, waja leo waondoka leo.

MISHI: Huyohuyo. Tukaijaza ile miwili kwa pampu yako mpaka ukiigonga inalia kama nazi.

MHINA: Basi hapo ndipo mlipoharibu. Mpira namba tano una mzingo wa sentimita 68 mpaka 70, uzito wake gramu 410 mpaka 450. Namba nne ni sentimita 63.5 mpaka 66, gramu 350 mpaka 390. Gramu 60 kwako si kitu. Kwa mtoto wa kilo 30 ni kitu. Mguu wake mwepesi, mpira mzito ukimjia kwa kasi unamgonga na kuruka mita mbili mbele. Skauti anaandika: hajui kutuliza. Mtoto anajua sana, kaletewa mpira wa baba yake.

MISHI: Na anayeonekana fundi ni yule aliyeanza kuota ndevu.

MHINA: Kwa sababu ndiye peke yake anayeusukuma mita 30. Sasa upepo. Sheria ya mpira inaruhusu kuanzia 0.6 mpaka 1.1 ya kanieneo ya hewa. Kwa watoto kaa huko chini, 0.6 au 0.7. Na pampu yangu haina geji…

MISHI: Tumeona.

MHINA: …kwa hiyo unatumia mikono. Bonyeza kwa gumba zote mbili, lazima zizame kidogo. Simama kwenye sakafu ya sementi, uachie kutoka begani. Ukirudi kiunoni, sawa. Ukirudi kifuani, toa upepo. Halafu usiuache juani! Ukiujaza asubuhi kivulini kwenye nyuzi 25, saa sita ukafika 45, uliokuwa 0.8 unasogea 0.9 bila mtu kuugusa. Kwenye uwanja mkavu wa udongo, kila pasi inakuwa kona.

MISHI: Dakika mbili zimekwisha. Dalili ya kwanza—

MHINA: Sindano.

MISHI: Sindano ya nini tena?

MHINA: Ya pampu. Watu wanaichoma kavu, tena kiubavu. Ile njia ya upepo ni mpira laini, ukiuchana ndani ndio umeaga. Paka glisirini tone moja, ingiza wima, taratibu huku unazungusha. Na usipampu huku mwingine kakaa juu ya mpira, sindano inavunjika.

MISHI: …Mh.

MHINA: Mbona umenyamaza?

MISHI: Dalili ya kwanza! Kichwa. Usimwangalie mtoto akiwa na mpira, mwangalie sekunde tano kabla haujamfikia. Chukua mmoja, mfuate dakika nne nzima, hesabu mara ngapi anageuza shingo kutazama nyuma yake. Asiyetazama anapokea akiwa amewapa mgongo wote, anarudisha pasi ilikotoka. Anayetazama ameshafungua kiwiliwili, mpira unamkuta tayari yuko ubavu-ubavu. Chenga atafundishwa. Huku kutazama, ukikukuta kwa mtoto wa miaka 11 bila kocha kumwambia, mwandike.

MHINA: Nakubali kabisa. Ila Jumamosi hukuiona.

MISHI: Kwa nini nisiione?

MHINA: Mpira unadunda kama kichaa, mtoto atainua shingo saa ngapi? Macho yote yako chini. Umeua dalili yako ya kwanza kwa pampu yangu.

MISHI: Mungu wangu. Kila njia inarudi kwenye pampu.

MHINA: Waliwachezesha vipi?

MISHI: Kumi na moja kwa kumi na moja, dakika 20, uwanja mzima.

MHINA: Fanya hesabu. Dakika 20 gawa kwa watoto 22, hata dakika moja ya mpira hapati mtu, na hapo sijatoa muda wa kurusha na wa kumfuata mpira mtaroni. Wacheze wanne kwa wanne, kiwanja cha mita 30 kwa 20, goli la koni mbili, hakuna kipa. Gawa kwa wanane: dakika mbili na nusu kila mmoja. Kila baada ya dakika tano unachanganya timu, umtoe yule anayebebwa na rafiki zake. Uwanja wa mita 100 kwa 64 unakata viwanja tisa hivyo, watoto 72 kwa mpigo.

MISHI: Viwanja tisa, mipira minne.

MHINA: Basi viwanja vinne, 32 kwa mpigo, wengine wapumzike. Bado ni bora.

MISHI: Kitu kimoja nilikifanya vizuri, nisifiwe. Vizibao. Niliwapanga kwa tarehe ya kuzaliwa, namba 1 ndiye mkubwa, namba ikipanda umri unashuka. Hiyo walijaribu na maskauti wa klabu ya PSV Eindhoven kule Uholanzi, utafiti ukatoka 2017. Skauti anayepewa orodha ya umri kwenye karatasi bado anachagua wakubwa. Anayeona umri uko kwenye jezi, na anajua maana ya namba, ule upendeleo unaondoka. Maana wa Januari na wa Desemba wote wanaitwa wa mwaka mmoja, kumbe mmoja kamzidi mwenzake miezi 11. Kwa mtoto wa miaka kumi hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya maisha yake.

MHINA: Na skauti wa basi la saa nane alijua maana ya namba?

MISHI: Nilimwambia mara mbili. Alichukua namba 2, 3, 5, 7 na 11.

MHINA: [kicheko] Waja leo.

MISHI: Kulikuwa na mmoja, siku yake ya kuzaliwa ni ya mwisho wa Desemba. Sentimita 131. Kila mpira ukimfikia ameshatazama kote, anatoa pasi moja safi, halafu anapigwa kikumbo anakaa chini. Huyo nasema ashushwe, acheze na wenye mwili kama wake. Ligi Kuu ya Uingereza wameshaandaa mashindano ya hivyo, watoto wanapangwa kwa kiwango cha ukuaji na si kwa mwaka.

MHINA: Mimi nakataa. Huyo mtoto ana akili kwa sababu yuko na wakubwa. Hana nguvu, basi kajifunza kutoa mpira kabla hajaguswa. Ukimshusha, hakuna wa kumtisha, ataanza kukaa na mpira, kupiga danadana. Unamnyang'anya kile kile ulichompendea.

MISHI: Unawahesabu waliobaki, kaka. Walioacha huwaoni. Ukipigwa vikumbo kila wiki miaka miwili, na kocha hakuchezeshi, utaendelea kuja kufanya nini?

MHINA: Hilo kosa la kocha. Amchezeshe.

MISHI: Hamchezeshi! Anataka kombe la Jumapili.

MHINA: Na huo ukuaji utaupimaje? Hao wa Uingereza wanakadiria kimo atakachofikia akiwa mtu mzima, na wanahitaji vimo vya baba na mama. Mtoto analelewa na bibi yake Muheza, baba hajulikani alipo. Utampima bibi?

MISHI: Kuna njia isiyotaka wazazi. Kimo amesimama, kimo amekaa kwenye benchi, uzito, tarehe ya kuzaliwa. Kila miezi mitatu, saa ileile ya siku, bila viatu. Ukiona anakimbilia sentimita nane mpaka kumi kwa mwaka, ukuaji umepamba moto. Wavulana wengi ni kwenye miaka 14 hivi. Hapo miguu inamchanganya, anaumwa chini ya goti au kisigino, unampunguzia kuruka na kupiga mashuti. Na humfukuzi.

MHINA: Kupima pima tu, sikatai. Lakini hiyo hesabu ya kukadiria lini ukuaji utapamba moto inakosea zaidi kadiri mtoto anavyokuwa mbali na huo moto. Wa miaka 11 yuko mbali. Unamshusha kwa namba ya kubahatisha.

MISHI: Namshusha mwezi mmoja, namrudisha mwezi mmoja.

MHINA: Mwachie palepale.

MISHI: Ashuke.

MHINA: Nyinyi watu wa African Sports, wana Kimanumanu, mmezoea kushuka daraja.

MISHI: Na nyinyi wa Coastal Union mnaishi 1988, mwaka mlipochukua ubingwa. Hujanijibu bado.

MHINA: Nimekujibu, hujapenda jibu. Angalia saa, wenye chumba wameanza kugonga mlango.

MISHI: Dalili zangu tano je?

MHINA: Soma ya pili haraka.

MISHI: "Anafanya nini sekunde tatu baada ya kupoteza mpira." Basi, hiyo inataka nusu saa peke yake. Naikunja karatasi.

MHINA: Pampu yangu iko wapi?

MISHI: Iko kwa fundi baiskeli, Ngamiani.

MHINA: Inafanya nini kwa fundi?

MISHI: Pampu ni nzima. Sindano ndiyo ilivunjikia ndani ya mpira.

MHINA: Da Mishi! Nani alikaa juu ya mpira?

MISHI: Skauti.