Kaburi na Pasipoti: Mhamiaji Mwislamu na Nchi Anayoiita Kwao

Mheshimiwa mwenyekiti, masheikh zetu, mama zangu na ndugu zangu nyote, assalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh. Nanyi msiokuwa Waislamu mliokuja kutusikiliza, karibuni sana; jambo lenyewe linawahusu pia.

Nimetakiwa nizungumzie utaifa katika jamii za Waislamu waliohamia nchi za Magharibi. Mazungumzo ya namna hii karibu kila mara huanzia kwenye utii: je, Mwislamu wa Berlin, wa Marseille au wa Birmingham anaipenda nchi anayoishi? Mimi nitaanzia makaburini. Mtu huweza kula kiapo cha uraia kwa ajili ya kazi, akapeperusha bendera kwa ajili ya mpira. Lakini akiwausia wanawe wamzike pale pale atakapofia, hapo hajipendekezi kwa yeyote.

Tarehe 30 Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi ilitiliana na Uturuki mkataba wa kuleta wafanyakazi. Waliitwa wafanyakazi wageni, na mpango ulikuwa hivyo hasa: kijana aje, afanye kazi miaka miwili, arudi kwao, aje mwingine. Wenye viwanda ndio waliolalamika. Unamfundisha mtu kazi, akishaijua unamwondoa! Mwaka 1964 kikomo hicho kikafutwa. Kisha mwaka 1973, uchumi ulipotetereka, serikali ikasimamisha kuajiri kutoka nje, na matokeo yakawa kinyume cha yaliyotarajiwa. Mturuki aliyejua kwamba akitoka haruhusiwi kurudi, hakutoka. Akaita mke, akaita watoto. Hivyo mgeni akawa mkaazi, bila yeye wala mwenyeji wake kukiri kwamba amehamia.

Nataka tulione vizuri hilo la kutokukiri, kwa sababu lilikuwa la pande mbili. Upande wa serikali, sheria ya uraia ilikuwa ile ya mwaka 1913, iliyofuata damu. Mtoto amezaliwa Köln, amesoma Köln, anaota ndoto kwa Kijerumani, na kwenye karatasi bado ni raia wa nchi anayoiona likizo ya kiangazi tu. Ilibidi wangoje mpaka tarehe 1 Januari 2000 ndipo kuzaliwa Ujerumani kukawa na uzito wowote, na hata hapo kwa masharti: mtoto akifika utu uzima achague pasipoti moja, ya wazazi au ya nchi aliyozaliwa. Upande wa wahamiaji, baba alijenga nyumba kwao Anatolia, Uturuki, ambayo hakuna aliyeilala, na kila mwaka akalipa ada ya mfuko wa mazishi unaosimamiwa na jumuiya ya misikiti. Mifuko hiyo ipo mpaka leo na inafanya kazi vizuri. Mwanachama akifariki, mfuko unagharamia kuosha, kukafini, jeneza, ndege ya maiti na tiketi ya mtu wa kuisindikiza. Familia haihangaiki na lolote isipokuwa kilio chake.

Basi jiulizeni maana ya mfuko huo kwa mtoto anayekua katika nyumba ile. Anaambiwa soma, fanya bidii, hapa ndipo maisha yako yalipo. Na anamwona baba yake analipia, mwaka hadi mwaka, safari ya kuondoka. Siwalaumu wazee wale. Kubaki nako kulikuwa na vikwazo vyake: majimbo mengi ya Ujerumani yalimlazimisha kila anayezikwa awe ndani ya jeneza, wakati sisi tunamlaza maiti kwa sanda, ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kaburi lenyewe hukodishwa, miaka 20 au 25, kisha ama ukodishe upya ama apumzishwe mwingine. Jimbo moja moja lililegeza sharti la jeneza. Bavaria ilisubiri mpaka mwaka 2021. Miaka 60 kamili tangu mkataba! Mtu alikubaliwa kutoa jasho lake kiwandani kabla hajakubaliwa kulala ardhini kwa sanda yake.

Sasa mtaniambia hizo ni taratibu za manispaa tu, hazina chuki ndani yake. Kweli. Lakini ziko nyakati ambapo dola zilishughulikia taratibu hizo haraka sana. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walieneza habari kwamba Waingereza wanawazika askari Waislamu kutoka India kinyume cha dini yao. Uingereza ilitaharuki, maana iliwahitaji maelfu ya askari hao. Ikajenga makaburi maalumu ya Waislamu pale Horsell, karibu na msikiti wa Woking uliokuwapo tangu 1889, yakiwa na ukuta, lango na kuba za kupendeza. Ufaransa nayo ilijenga Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, kuwakumbuka maelfu ya Waislamu walioifia. Kwa hiyo ujuzi wa namna ya kumzika Mwislamu haukukosekana Ulaya. Kilichobadilika ni haja.

Nitakaa kidogo Kanada, kwa kuwa huko jambo hili lilijitokeza waziwazi mno. Usiku wa tarehe 29 Januari 2017 mtu aliingia na bunduki katika msikiti wa jiji la Québec na kuwaua waumini sita waliokuwa wametoka kusali. Wanaume wenye kazi zao, wenye watoto wadogo. Mwenyezi Mungu awarehemu. Serikali ililia pamoja na jamii ile, na naamini kilio kilikuwa cha kweli. Lakini lilipofika suala la kuwazika ikadhihirika kwamba eneo zima la jiji lile halikuwa na makaburi ya Waislamu. Ya karibu yalikuwa upande wa Montreal, zaidi ya kilomita 200. Wengi wa marehemu wakasafirishwa kurudi nchi walizozaliwa. Waumini wakatafuta kiwanja wakakipata katika mji mdogo wa Saint-Apollinaire, na kwa sheria ya pale wakaazi wa jirani wakaitwa kupiga kura mwezi Julai. Waliopiga walikuwa 36. Waliokubali 16, waliokataa 19, kura moja ikaharibika.

Kura tatu, ndugu zangu. Wale waliouawa miezi sita nyuma kwa sababu ni Waislamu, wenzao wanaambiwa na jirani: hata mkifa, si hapa. Mwezi uliofuata jiji la Québec lenyewe lilijitokeza likatangaza kuwauzia ardhi, na hilo tulitaje kwa heshima, maana haki huletwa na watu hao hao walio jirani na walioinyima.

Ufaransa hadithi ni nyingine. Kule sheria ya mwaka 1881 iliondoa mipaka ya kidini katika makaburi ya umma, kwa nia njema kabisa ya kuwafanya wafu wote kuwa raia sawa. Lakini Mwislamu akitaka sehemu ya kuelekea kibla inabaki hiari ya meya, na mameya hawafanani. Strasbourg, ambako kwa sababu za kihistoria sheria hiyo haifuatwi, ilifungua makaburi ya Waislamu ya manispaa mwaka 2012. Kisha ikaja korona. Machi 2020 Moroko ilifunga mipaka yake, hata kwa maiti za watu wake, na familia zilizokuwa zimepanga kumrudisha mzee kwao zikajikuta zinatafuta kaburi mjini kwa siku chache. Mzee aliyefanya kazi Ufaransa miaka 40 hana pa kulazwa Ufaransa, na kule alikolipia apokewe, mlango umefungwa. Sijui kama kuna picha nyingine inayoonyesha kwa ukali zaidi mtu aliye wa nchi mbili na asiye wa yoyote.

Masheikh zangu, hapa nina neno nanyi. Tumewaacha watu wetu wakadhani kwamba kurudishwa maiti nyumbani ni jambo la dini. Sivyo. Dini inahimiza kuharakisha maziko, na wanachuoni wengi wamechukia kumhamisha maiti bila dharura. Mashahidi wa vita vya Uhud, jamaa zao walipotaka kuwachukua Madina, Mtume (s.a.w.) aliamuru warudishwe wazikwe walipoangukia. Na hatuna mhamiaji mkubwa kumshinda yeye. Makka aliipenda, alitolewa humo akiwa na huzuni. Masahaba wake walipofika Madina waliugua homa, Bilal akawa anaimba mashairi ya kutamani mabonde ya Makka, na Mtume akaomba: ee Mola, tupendezeshee Madina kama tunavyoipenda Makka, au zaidi. Oneni alivyoomba. Hakuwakemea kwa kuikumbuka Makka. Alimwomba Mungu awaongezee mapenzi ya pili.

Na siku Makka ilipofunguliwa, Ansari, wale wenyeji wa Madina waliompokea, wakanong'onezana kwamba sasa mtu huyu amerudi kwao, sisi tumekwisha. Akawaambia maisha yangu ni maisha yenu na mauti yangu ni mauti yenu. Alirudi Madina, na kaburi lake liko Madina. Mhamiaji anayetafuta ruhusa ya dini ili aipende nchi aliyohamia, ruhusa yake ni hii, na ina umri wa miaka zaidi ya 1400. Lakini someni kisa chote. Kabla Mtume hajasema maneno yale, Ansari walikuwa wamegawana na Muhajirina, yaani waliohamia kutoka Makka, nyumba zao na mali zao. Mapenzi ya mgeni yalikuwa na wenyeji wake.

Na wenyeji wa leo? Turudi kwenye pasipoti. Katika sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2011, Waislamu walikuwa milioni 2.7, na asilimia 73 yao walitaja utaifa mmoja tu, ule wa Uingereza. Hakuna aliyewashika mkono. Ingekuwa shida ni mapenzi, takwimu hiyo isingekuwapo. Lakini sheria ya mwaka 2002 ilikuwa imeshafungua njia ya kumvua uraia hata mtu aliyezaliwa nao, na mwaka 2022 ikaruhusiwa kumvua, katika hali fulani, bila kumjulisha. Kwa kuwa si halali kumwacha mtu bila nchi yoyote, adhabu hiyo humwangukia tu yule anayeweza kusemekana ana nchi nyingine, yaani mtoto au mjukuu wa wahamiaji. Mnamkumbuka Shamima Begum, mzaliwa wa London aliyekwenda Syria kujiunga na kundi la ISIS mwaka 2015 akiwa na miaka 15. Alivuliwa uraia mwaka 2019 kwa hoja kwamba ana haki ya uraia wa Bangladesh, na Bangladesh ikasema haimtambui. Simtetei kwa alichokiendea, na kama ana kosa, mahakama za London zipo. Mimi nauliza hivi: Mwingereza mwenzake ambaye babu zake wote ni wa Yorkshire, akitenda kosa lile lile, atavuliwa nini? Yeye uraia wake ni nyumba yake. Wa Shamima ulikuwa nyumba ya kupanga, na mamilioni ya wapangaji wengine wasio na kosa lolote wameuona mkataba wao.

Mesut Özil, mchezaji mpira mwenye asili ya Uturuki, mzaliwa wa Gelsenkirchen, Ujerumani, na bingwa wa dunia wa mwaka 2014, alipoacha timu ya taifa Julai 2018 alisema kwamba tukishinda yeye ni Mjerumani, tukishindwa ni mhamiaji. Kupiga picha na Rais Erdoğan majuma machache kabla ya uchaguzi wa Uturuki halikuwa jambo la busara, na waliomkosoa kwa hilo walikuwa na hoja. Lakini mchezaji akikosea kisiasa hukosolewa. Hatakiwi kuthibitisha upya nchi yake. Na hilo la mpira ni dogo. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2006 kundi la Wanazi mamboleo liliua wafanyabiashara wadogo tisa nchini Ujerumani, wanane wenye asili ya Uturuki na Mgiriki mmoja. Kwa miaka, polisi walizihoji familia za waliouawa: mume wako aliuza dawa za kulevya? Alikuwa na deni kwa majambazi? Wajane walizika waume zao wakiwa watuhumiwa. Ukweli ulifichuka Novemba 2011, na Februari 2012 Angela Merkel, aliyekuwa Kansela, akaziomba familia hizo radhi hadharani. Radhi ile ilikuwa na thamani, nami nampa haki yake.

Sheria nazo hubadilika. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inamruhusu mtu kuwa raia bila kuutupa uraia wa awali, na wale wazee wa kizazi cha 1961 waliobaki wamesamehewa mtihani wa kuandika. Kijerumani cha kuzungumza kinawatosha. Wengi wao hawakuishi kuiona siku hiyo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, nalo ni kwa nyote mlio na ndugu katika nchi hizo. Mkiongea nao kwa simu, waulizeni wanataka wazikwe wapi, na wakisema huko huko msione wamewatupa. Waambieni waandike wasia, wautaje mji, wajiunge na wenzao waiombe manispaa sehemu ya makaburi sasa, wakiwa wazima, wakiwa na sauti na kura. Kikao kimoja na diwani leo kitawaepusha wana wao na kuhangaika na maiti siku ambayo mipaka itafungwa tena. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, kama kuna maswali niko tayari.