Umeachiwa Kuku Bila Kutarajia: Pa Kuanzia

Ndugu mtazamaji, karibu. Huenda umehamishiwa shule ya kijijini huko Newala au Tandahimba, ukakabidhiwa funguo za nyumba pamoja na kuku ambao mpangaji aliyekutangulia hakuweza kuwapakia kwenye basi. Huenda shangazi yako amekupa jike na jogoo wakati wa kuagana, na adabu haikukuruhusu kukataa. Video hii ni yako wewe ambaye hukupanga kufuga.

Hatua ya kwanza ni kuwatambua kuku wako. Mchana huchanganyika na wa majirani, kwa hiyo mwombe jirani akuoneshe kila mmoja, kisha umfunge kitambaa cha rangi moja mguuni, kikiwa kimelegea kiasi cha kupitisha ncha ya kidole, kwa sababu kikibana hukata ngozi. Kama aliyekuachia bado anawadai, mpigie simu leo mpatane kuhusu vifaranga vitakavyoanguliwa, maana ugomvi wa kuku huwa mrefu.

Hatua ya pili ni malazi. Usikimbilie kununua bati. Tazama banda hili: ni kichanja kilichoinuliwa usawa wa kiuno, sakafu yake ni fito za mianzi zilizoachiana nafasi ndogo ili kinyesi kidondoke chini, na paa ni la nyasi. Nguzo zimepakwa oili chafu ili siafu wasipande. Kuku waliozoea kulala juu ya mkorosho hawafukuzwi mchana. Subiri giza liingie, uwashushe mmoja mmoja kwa utulivu na kuwaingiza ndani. Wafungie kwa siku kadhaa wakiwa na chakula na maji, kisha anza kuwafungulia jioni, muda wa kama saa moja kabla ya giza, nao watarejea wenyewe bandani.

Hatua ya tatu, chanjo, ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa kuwa ukiiruka, nyingine zote zinaweza kuwa kazi bure. Mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri, hauna tiba, na unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Kuku huzubaa, huharisha kijani, huhema kwa shida, na wengine hupinda shingo. Kinga yake ni chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Chanjo hii huvumilia joto kuliko zile za zamani, lakini hiyo si ruhusa ya kuiacha juani. Isafirishe ikiwa imezungushiwa kitambaa kibichi. Onana na afisa mifugo wa kata, na kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi kuliko ulio nao, shirikianeni na majirani ili kuku wa mtaa mzima wachanjwe siku moja.

Sasa tazama mikono yangu. Kuku nimembana kwapani, mabawa yametulia, na kichwa nimekilaza upande ili jicho moja lielekee juu. Ninaishika chupa wima, mdomo ukiwa chini bila kuligusa jicho, na kudondosha tone moja tu. Simwachii mpaka apepese na tone litandae. Kifaranga na jogoo mkubwa hupata kiasi kilekile. Rudia kila baada ya miezi 3, wala usimchanje kuku ambaye tayari anaumwa.

Chakula hakitakusumbua sana. Kuku hawa hujitafutia, nawe utaongezea pumba za mahindi, mtama, au mashudu ya ufuta asubuhi na jioni. Maganda mabichi ya muhogo mchungu usiwape, kwani yana sumu. Yakaushe vizuri juani kwanza. Najua maji ya huku Uwanda wa Makonde ni ya kununua kwa ndoo, lakini kuku hunywa kidogo, basi yabadilishe kila siku. Ukifika msimu wa kupulizia salfa mikorosho, kazi ambayo hufanywa alfajiri umande ukiwa haujakauka, chelewa kuwafungulia na ufunike maji yao.

Mara kwa mara funua manyoya chini ya bawa na kuzunguka tundu la nyuma. Ukiona vijidudu vidogo vikikimbia, huo ni utitiri: safisha banda, choma matandiko ya viota, kisha changanya majivu na mchanga mkavu kwenye shimo la kina kifupi ili kuku waoge vumbi humo.

Jike akianza kuatamia, mwekee mayai 10 hadi 12 yasiyo ya zamani, naye ataangua baada ya siku 21. Vifaranga usiwaachie uwanjani mapema, kwa sababu mwewe na kunguru huwasubiri. Wafunike pamoja na mama yao chini ya tenga kwa wiki za mwanzo, ukiwapa pumba laini zilizochanganywa na dagaa waliosagwa. Majogoo wakizidi, mmoja anatosha majike 10. Wengine wauze au uwachinje kabla hawajaanza kupigana.