Msichana wa Adhuhuri Anaitwa Otieno

WAFULA: Karibuni tena, popote mlipo, iwe Kondele, Bungoma, au mmekwama kwenye matatu pale Ahero. Leo nina karatasi mkononi. Nimeandika mambo matano ya kuzingatia kabla ya kumpa mtoto jina, na nimeapa tutayamaliza yote. Lakini Mama Hawi ameingia na jambo, na naona asipolitoa hatutapumua.

ATIENO: Asante, Mwalimu. Jumanne mdogo wangu alijifungua msichana. Ulikuwa upasuaji wa kupangwa, mtoto akatoka saa sita unusu mchana. Mama salama, mtoto salama, Mungu ni mwema. Nesi akaleta fomu, baba mtoto akaandika: Tiffany Natalie Otieno. Mama yetu akavaa miwani, akasoma, akauliza, "Na huyu mtoto mwenyewe anaitwa nani?"

WAFULA: Si Tiffany?

ATIENO: Tiffany ni la kubatizwa. Natalie ni la kupendeza. Otieno ni baba yake, aliyezaliwa usiku. Mtoto amezaliwa jua likiwa utosini, huyo kwetu Wajaluo ni Achieng', na Achieng' hayumo kwenye fomu. Msichana wa adhuhuri anabeba jina la mwanamume wa usiku.

WAFULA: Dani, yaani nyanya wa mtoto, ana haki ya kuuliza. Tuliweke wazi, maana vijana wanaotusikiliza wanaweza kudhani ni ukaidi wa wazee. Mtu wa umri wa mama zetu ana majina matatu na kila moja lina kazi. Chukua Millicent Akinyi Ochieng'. Millicent la kanisani. Akinyi ni lake mwenyewe, alizaliwa asubuhi. Ochieng' la baba. Kwetu Waluhya wa Bungoma ni hivyo hivyo: Mercy Nekesa Wanjala. Nekesa ni yeye, msimu wa mavuno. Wanjala ni baba, aliyekuja wakati wa njaa. Ukisikia majina mawili ya mwisho unajua habari za watu wawili.

ATIENO: Sasa vijana wanaweka majina mawili ya mtindo, halafu la baba. Nafasi tatu zimejaa, jina la mtoto mwenyewe limekosa kiti.

WAFULA: Na kwa mvulana hakuna anayegundua. Liam Ethan Otieno anasikika sawa, kumbe hata yeye labda ni Omondi, alizaliwa alfajiri. Msichana ndiye anayetufichulia hasara. Akiitwa Shantel Blessing Wafula, nauliza, Nafula, jina la msichana wa msimu wa mvua, yuko wapi?

ATIENO: Ndiyo maana nilikuja moto. Nenda darasa lolote la chekechea hapa Kisumu, soma rejista. Wasichana ni Otieno, Odhiambo, Omondi, majina ya wanaume. Baada ya miaka thelathini jina Adhiambo, la msichana wa jioni, litakuwa la nyanya peke yao.

WAFULA: Sababu ziko, si uvivu tu. Fomu zinadai jina la ukoo, na sisi hatukuwa na jina la ukoo kwa maana hiyo. Basi jina la baba likageuzwa la ukoo. Pili, ndoa za mchanganyiko. Nenda Nakuru. Mjaluo ameoa Mkikuyu, kila upande una utaratibu wake, wanakimbilia Jayden ili pasiwe na mshindi.

ATIENO: Na utaratibu wa Kikuyu wenyewe umebanwa na idadi ya watoto. Mvulana wa kwanza anapewa jina la baba ya baba, wa pili la baba ya mama. Msichana wa kwanza, mama ya baba. Wa pili, mama ya mama. Watoto wakiwa sita, kila mzee amepata. Siku hizi watu wanazaa wawili, mvulana mmoja na msichana mmoja. Upande wa mama haupati kitu kabisa. Hapo ndipo vita vinapoanzia.

WAFULA: Hiyo ilikuwa namba tatu kwenye karatasi yangu, umeimaliza. Lakini tusiseme majina ya kigeni yameletwa na vijana wa intaneti. Wamisheni wa Wakwekeri wamefika Kaimosi 1902, misheni ya Maseno imeanza 1906. Babu zetu walibatizwa Hezekia, Zedekia, Habakuki. Wakatoliki wakachukua watakatifu: Alphonce, Cosmas, Perpetua. Wale wa miaka ya 1960, Kennedy kila boma.

ATIENO: Na Novemba 2008, Obama. Hao wanatimiza miaka 18 Novemba 2026, wanakwenda kuchukua vitambulisho. Lakini angalia, Mwalimu: Hezekia wa zamani alikuwa Hezekia Ochola. Lake lilikaa. Na wengine walikataa la kizungu kabisa. Jaramogi Oginga Odinga, yule mwanasiasa, aliliacha Adonija, akawapa wanawe Oburu na Raila.

WAFULA: Kweli. Na wale wa mtindo wana shida moja zaidi, tahajia. Tiffany utaiona na f moja, na i mwishoni, na ph.

ATIENO: Hiyo ni ya kawaida.

WAFULA: Ya kawaida, lakini bingwa wa magharibi nzima ni Wycliffe.

ATIENO: Haya, tumepotea.

WAFULA: Hatujapotea! Wycliffe ni jina letu kuliko la Waingereza. John Wycliffe alikuwa msomi wa Oxford, akafa 1384, na mwaka 1428 kanisa likafukua mifupa yake na kuichoma kwa sababu ya mafundisho yake na ile Biblia ya Kiingereza. Wamisheni wa Kiprotestanti wakamleta hapa kama shujaa. Leo huko kwao sijui kama utapata mvulana anaitwa Wycliffe. Vihiga, Wycliffe Musalia Mudavadi. Kakamega, gavana wa kwanza, Wycliffe Oparanya. Bungoma kuanzia 2017 hadi 2022, Wycliffe Wangamati. Hao wote ndani ya eneo unalozunguka kwa matatu siku moja.

ATIENO: Na kila mmoja ana karani aliyemwandika.

WAFULA: Ndiyo! Wycliffe. Wickliffe. Wyclife, f moja. Wycliff bila e. Wicklife.

ATIENO: Wyckliffe, yenye c na k zote.

WAFULA: Hiyo nilikuwa naisahau! Unaona, umeingia mwenyewe.

ATIENO: Nimeingia kwa sababu lina madhara. Wycliffe wa cheti cha kuzaliwa akiwa Wickliffe kwenye kitambulisho, benki inamwona mtu wa pili. Baraza la mitihani, KNEC, linataka jina la mtahiniwa lifuate cheti cha kuzaliwa. Mwalimu wa darasa akiandika alivyozoea kumwita mtoto, cheti cha mtihani kinatoka na jina jingine, na kusahihisha baadaye ni viapo na safari.

WAFULA: Shida inaanzia wodini. Mama amechoka, anataja jina kwa mdomo, na nesi anaandika alivyosikia. Sikio la Mluhya na sikio la Mjaluo halisikii jina la kigeni sawasawa. Kwa hivyo usitaje jina. Liandike nyumbani kwa herufi kubwa, kwenye kipande cha karatasi, ukiweke ndani ya kijitabu cha kliniki. Nesi anakili kutoka hapo.

ATIENO: Halafu kabla ya kutia sahihi, soma herufi moja moja kwa sauti, jina la mtoto, la mama, la baba, na ulinganishe na vitambulisho vyenu. Wengi wanakagua la mtoto tu, wanaacha la mama limekosewa. Piga picha. Kama mtoto amezaliwa nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayeandika, na kule usikubali kuambiwa "nitajaza baadaye". Ikipita miezi 6 bila kusajili, mnaingia usajili wa kuchelewa, ushahidi unaotakiwa unaongezeka.

WAFULA: Wicliffe.

ATIENO: Mwalimu!

WAFULA: Imenijia sasa hivi, ya c peke yake. Nimemaliza.

ATIENO: Hujamaliza, nakujua. Ongea juu ya ile alama ya juu ya Achieng'.

WAFULA: Kibainishi. Amua siku ya kwanza kama unakiandika au hukiandiki, kisha usibadilishe maisha yote. Kwenye pasipoti, chini ya picha kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine. Kibainishi kinaachwa pale. Ng'ong'o anakuwa NGONGO. Hilo si kosa, ndiyo kanuni ya kimataifa. Kosa ni tiketi ya ndege kuandikwa tofauti na mstari huo.

ATIENO: Na urefu?

WAFULA: Hapo ndipo wapenda majina mengi wanaumia. Kila mstari una nafasi 44. Tano za mwanzo za mstari wa kwanza ni aina ya hati na nchi, zinabaki 39 za majina yote pamoja na alama za kuyatenganisha. Jina la ukoo linatangulia. Sasa chukua Christabel Shantel Precious Nanjala Wanyonyi. Hesabu nami: WANYONYI 8, alama 2, CHRISTABEL 10, alama na SHANTEL 8, alama na PRECIOUS 9. Tumefika 37. Zimebaki mbili: alama moja na herufi N.

ATIENO: Nanjala amebaki N.

WAFULA: Lile lake mwenyewe ndilo limekatwa. Precious amepita salama.

ATIENO: Basi nisikilizeni, nyinyi mlio na watoto wadogo. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inawapa nafasi. Ndani ya miaka 2 tangu kuzaliwa kuandikishwe, mzazi anaweza kusajili jina jipya au lililobadilishwa, kwa ada na ushahidi. Jina la kwenu limesahaulika? Nenda sasa. Miaka 2 ikipita ni wakili, hati ya kubadilisha jina, na tangazo kwenye Gazeti rasmi la Serikali. Na wewe mama uliyezaa nje ya ndoa, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016 una haki ya jina la baba wa mtoto kuingizwa kwenye cheti. Lakini jina la baba lisifukuze la mtoto.

WAFULA: Kwa hivyo mtoto wa Jumanne atakuwa Tiffany Achieng' Otieno.

ATIENO: Natalie atoke, ndiyo.

WAFULA: Hapo ndipo sikubaliani nawe, Mama Hawi.

ATIENO: Kivipi?

WAFULA: Natalie atoke, sawa. Lakini Achieng' si jina lake. Umesema ni upasuaji wa kupangwa. Daktari ana orodha. Dharura moja ikiingia asubuhi, wa saa tatu anasogezwa hadi saa sita. Bila dharura angekuwa Anyango, wa katikati ya asubuhi. Jina la saa lilikuwa na maana mtoto alipoamua mwenyewe kuja. Hapa saa ni ya orodha ya chumba cha upasuaji.

ATIENO: Jua lilikuwa wapi alipotoka?

WAFULA: Utosini.

ATIENO: Basi.

WAFULA: Si basi. Kwetu jina ni la msimu. Msimu wa mvua hauwezi kuuandikisha kwa simu. Mtoto akitolewa wiki moja mapema, mvua bado ni ya kila mtu, ni Wafula au Nafula. Ninyi mmefunga jina kwenye saa, na saa sasa inapangwa. Mpeni jina la mtu wenu aliyefariki. Desturi hiyo mnayo. Mtoto analia, wazee wanataja majina ya waliotangulia, akinyamaza limepatikana.

ATIENO: Tunayo, na linakuja juu ya lile la kuzaliwa, halilifuti. Nikuulize. Mapacha wakitolewa kwa upasuaji, utawaitaje?

WAFULA: Mukhwana na Mulongo. Ninyi Opiyo na Odongo.

ATIENO: Na nani ni wa kwanza?

WAFULA: Aliyetoka kwanza.

ATIENO: Aliyeshikwa kwanza na mkono wa daktari! Hapo hukatai. Na atakayewafuata utamwita Khisa, sisi Okello, bila kuuliza daktari alianza upande gani.

WAFULA: Mapacha ni wawili hata bila daktari. Huo ni ukweli wa tumbo.

ATIENO: Uwili ndio ukweli wa tumbo. Utangulizi ni wa daktari, na majina yao ni ya utangulizi.

WAFULA: Bado naona tofauti.

ATIENO: Itaje.

WAFULA: Naiona, Mama Hawi. Jina la saa lilipewa na mkunga aliyetoka nje akatazama anga. Leo hakuna aliyetazama. Mama amelazwa chini ya taa, pazia limefungwa, saa inasomwa ukutani.

ATIENO: Otieno wa zamani alizaliwa ndani ya nyumba yenye giza mchana na usiku. Anga halikumwona yeye, yeye ndiye aliyeingia chini yake. Mwalimu, wanawake wengi sana wanajifungua kwa upasuaji. Ukisema watoto hao hawana saa, umewanyima jina watoto wa mama aliyepasuliwa, kana kwamba hawakuzaliwa. Hilo siwezi kulikubali, na siwezi kwenda kumwambia mdogo wangu.

WAFULA: Sijasema hawakuzaliwa. Nimesema wapewe jina lenye uzito wa kweli. Hata Hawi, bahati, ni jina zuri la Kijaluo na halimtegemei daktari. Wewe mwenyewe umempa wako.

ATIENO: Wangu ni Hawi Akoth. Mvua ilinyesha. Sikuacha.

WAFULA: Na mvua si saa! Umerudi upande wangu.

ATIENO: Sijarudi popote. Mvua na jua vyote viko juu ya paa la hospitali.

WAFULA: Mtayarishaji ananyoosha vidole viwili, dakika mbili. Karatasi yangu, jamani. Namba moja tumegusa, namba tatu umeichukua, namba mbili, nne na tano...

ATIENO: Ziache. Taja moja.

WAFULA: Namba nne ni ya majina yanayofuata watu maarufu, nayo inataka nusu saa.

ATIENO: Basi haitoshi. Nitumie huo muda kwa ndugu zangu wa fomu ambazo bado hazijapelekwa: kama karatasi bado iko wodini, haijatumwa kwa msajili, rudi kwa nesi mwenye zamu kabla hujatoka hospitalini, muombe akuonyeshe nafasi ya jina la pili. Shemeji yangu, kama unasikiliza, ni Achieng', A, C, H, I, E, N, G, na kibainishi.

WAFULA: Anyango, kama si ile dharura.

ATIENO: Achieng', Mwalimu.

WAFULA: Hatujamaliza hilo. Wiki ijayo, wakati ule ule.